Fowili kwenye barabara za theluji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Theluji ya kwanza ikishuka Minnesota, Ohio, Maine au Ontario, Waswahili wa huko huanza kuulizana maswali yaleyale. Wengi tulijifunza kuendesha kwenye lami yenye joto au kwenye matope ya masika, na gari la kwanza tulilonunua ughaibuni tulilichagua kwa sababu lina fowili, yaani linaweza kuvuta kwa matairi yote manne. Majibu haya ni kwa ajili ya mtu wa namna hiyo: anajua gari, ila bado anajifunza baridi.

Niweke fowili lini hasa?

Weka pale barabara inapokuwa imefunikwa: theluji mbichi, theluji iliyokanyagwa na magari ikashindiliwa, au mchanganyiko wa theluji na maji ambao hutokea jua likichomoza kidogo. Iweke pia kabla ya kupanda mlima wenye theluji, na kabla ya kutoka kwenye maegesho ambayo gari la kusukuma theluji limeyapitia na kukuachia ukuta mbele ya bampa. Neno la kushika hapo ni *kabla*. Dereva anayesubiri mpaka matairi ya nyuma yaanze kuzunguka bure katikati ya mlima ameshapoteza mwendo, na kuupata tena hapo ni kazi.

Itoe lami inapoonekana. Lami yenye maji tu haihitaji fowili. Lami iliyonyunyiziwa chumvi ikabaki nyeupe lakini kavu, pia haihitaji.

Gari langu halina swichi wala mti wa fowili, limeandikwa AWD tu. Ni kitu kilekile?

Si kilekile, na hapa ndipo watu wengi huchanganya.

Kuna aina tatu unazoweza kukutana nazo. Ya kwanza ni fowili ya kuweka na kutoa, yenye alama 2H (matairi mawili), 4H (manne, kwa mwendo wa kawaida) na 4L (manne, kwa gia nzito ya mwendo mdogo). Hiyo iko kwenye Hilux, Landcruiser za mfululizo wa 70, Suzuki Jimny, Jeep Wrangler nyingi na pikapu nyingi za Marekani. Ukiweka 4H, shafti ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja, zizunguke kwa kasi moja.

Ya pili ni fowili ya kudumu, ambayo ina difu ya kati, yaani gia zinazoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Prado nyingi tunazozijua Afrika Mashariki ziko hivi. Gari huvuta kwa matairi yote manne saa zote, na kuna kitufe cha kufunga difu ya kati pale hali inapokuwa mbaya sana.

Ya tatu ndiyo hiyo AWD. Subaru, RAV4, CR-V na wenzake huamua wenyewe. Nyingi huvuta kwa matairi ya mbele na kuamsha ya nyuma pale kompyuta inapoona mbele kunateleza. RAV4 ya haibridi yenye AWD haina hata shafti ya kwenda nyuma. Kuna mota ya umeme huko inayofanya kazi hiyo. Kwa gari la namna hii huna cha kuweka wala kutoa. Kazi yako ni matairi na mwendo.

Pikapu kadhaa mpya zina hali ya nne, AUTO. Hiyo ni nzuri kwa barabara yenye mabaka: hapa pakavu, pale theluji, mbele kivuli cha miti chenye barafu. Kama gari lako linayo, siku nyingi za baridi utaitumia hiyo kuliko 4H.

Kwa nini nisiache 4H kuanzia Desemba hadi Machi nikapumzika?

Kwa sababu utaharibu gari, na kwa sababu litakuwa gumu kuliongoza pale palipo pakavu.

Gari likikata kona, matairi ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Fikiria gwaride linalogeuka: askari wa nje anapiga hatua ndefu, wa ndani karibu anasimama palepale. Kwenye 2H, au kwenye gari lenye difu ya kati, kila upande unaruhusiwa kwenda hatua yake. Kwenye 4H ya kufunga, mbele na nyuma zinalazimishwa kwenda sawa. Penye theluji hakuna tatizo, tairi moja huteleza kidogo na mvutano unaisha. Penye lami kavu tairi halitelezi, kwa hiyo mvutano wote unabaki ndani ya shafti, jointi na gia za transfa, sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma.

Utalitambua hilo bila fundi. Ingia kwenye gereji ya chini ya jengo, sakafu ya zege, kavu, ukiwa umesahau 4H, halafu kata usukani wote uingie kwenye nafasi yako. Usukani unakuwa mzito na unarudi wenyewe. Gari linarukaruka kama linapita juu ya vijiti, matairi yanalia, na ukiachia mafuta linasimama kana kwamba umekanyaga breki. Mara nyingine ukijaribu kutoa fowili inakataa, kwa kuwa gia zimejibana. Dawa ni kunyoosha usukani, kurudi nyuma mita chache taratibu, kisha kutoa.

Hayo hayahusu fowili ya kudumu wala AWD, ila yanahusu kufunga difu ya kati. Ukiifunga, gari lako limekuwa sawa na Hilux yenye 4H.

Je, fowili inanisaidia kusimama?

Hapana. Kama utasoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, liwe hili.

Kila gari lina breki kwenye magurudumu manne, hata lile dogo linalovuta kwa matairi ya mbele tu. Fowili inagawa nguvu ya injini. Unapokanyaga breki, injini haina tena la kusema. Kinachokusimamisha ni mshiko wa raba na ardhi. Raba yako na ya jirani mwenye gari dogo zikiwa sawa, mtasimama sawa, na wewe mwenye gari zito unagonga kwa uzito mkubwa zaidi.

Tuweke hesabu. Kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, ukiacha sekunde ya kushtuka, lami kavu inakusimamisha kwa takriban mita 14. Theluji iliyoshindiliwa inataka kama mita 40. Barafu inaweza kutaka karibu mita 100, yaani urefu wa uwanja wa mpira. Na kasi ikizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama unazidishwa mara nne. Hakuna swichi ya kubadilisha hesabu hiyo.

Hatari ya fowili inatokana na uzuri wake. Gari linaondoka kwenye taa bila kuteleza, linashika kasi vizuri, na mwili wako unasadiki kwamba barabara si mbaya. Mwenye gari dogo ameshaonywa: ameteleza pale alipoondoka, kwa hiyo anaendesha kwa adabu. Wewe onyo lako la kwanza litakuja kwenye breki. Ndiyo maana baada ya theluji kubwa utaona pikapu na magari makubwa mtaroni pamoja na magari madogo.

Kwa hiyo jipe onyo mwenyewe. Ukiwa kwenye barabara iliyonyooka, nyuma yako hakuna mtu, na mwendo ni mdogo, kanyaga breki kidogo uone. ABS (mfumo unaozuia matairi yasifungwe na breki) ikianza kutetemesha kanyagio mapema, umeshajua mshiko ulionao. Acha nafasi ya sekunde sita na zaidi kati yako na gari la mbele, na penye barafu ongeza.

Nichague kipi: fowili au matairi ya theluji?

Kama fedha zinatosha kimoja, chukua matairi. Gari dogo la kuvuta mbele lenye matairi ya theluji manne litasimama na kukata kona vizuri kuliko gari la fowili lenye matairi ya misimu yote yaliyochakaa. Ukiwa na vyote viwili, hapo umekamilika, na mtu anayeishi kwenye mlima au kijijini ambako barabara husafishwa mwisho anavihitaji vyote.

Raba ya tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Ya tairi la theluji imetengenezwa ibaki laini, na uso wake umechanjwachanjwa vifereji vyembamba vinavyoikamata theluji. Angalia ubavuni: tafuta mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake ni maelezo ya umbo la mifereji tu, tairi halijapimwa kwenye theluji.

Kupima kina, chukua sarafu ya Marekani ya senti 25 uiingize kwenye mfereji, kichwa cha Washington kikiangalia chini. Utosi wake ukionekana wote, umebakiwa na chini ya milimita 3.2 hivi. Sheria inaweza kukuruhusu uendelee nalo, theluji haitakuruhusu. Pima upepo pia kila baridi inapozidi, kwa sababu tairi hupoteza takriban psi 1 (kipimo cha upepo wa tairi) kwa kila nyuzi 5 hadi 6 za Selsiasi zinazoshuka.

Nimeendesha Landcruiser kwenye matope miaka mingi. Si ni yaleyale?

Nusu ni yaleyale. Unajua kuangalia mbele, unajua kutobishana na usukani, unajua kutokanyaga mafuta kwa hasira. Hayo yote yatakusaidia.

Lakini kuna tabia moja ya matope ambayo hapa inaumiza. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wakati wa masika, dereva mzoefu hashuki mwendo. Akiona kipande kibaya anaongeza kidogo, avuke kwa msukumo, kwani akisimama ndiyo basi. Na matope yenyewe ni mazito, ukiachia mafuta yanakushika na kukusimamisha. Barafu haikushiki. Ukiingia na kasi, unabaki na kasi ileile hadi ukutane na kitu. Msukumo uuweke kwa ajili ya kupanda mlima tu, tena ukiwa na uhakika kwamba juu hakuna aliyekwama.

Jambo jingine: matope unayaona. Barafu nyembamba juu ya lami inafanana na lami yenye maji. Madaraja huganda kwanza kwa sababu hewa ya baridi hupita juu na chini yake. Njia panda zenye taa huwa mbaya pia, maana matairi ya magari yanayosimama na kuondoka huilainisha theluji ikawa kioo. Na usidhani kuwa siku ya baridi kali zaidi ndiyo ya utelezi zaidi. Barafu iliyo karibu na sifuri, yenye utando wa maji juu, huteleza kuliko ile ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Kinachobadilika kwenye baridi kali ni chumvi: ile ya kawaida hudhoofika sana kuanzia kama nyuzi 9 chini ya sifuri, kwa hiyo barabara iliyonyunyiziwa si lazima iwe salama.

4L ni ya nini basi?

Ya kujinasua, kumvuta mwenzako, au kushuka mteremko mkali sana kwa mwendo wa mtu anayetembea. Si gia ya "theluji nyingi zaidi". Inazidisha nguvu kwenye matairi, na nguvu nyingi ndiyo inayofanya tairi lizunguke bure penye utelezi. Kuiweka, kwa kawaida unasimamisha gari na kuweka gia huru kwanza.

Naweza kuweka 4H nikiwa mwendoni?

Magari mengi yanaruhusu, lakini kasi ya mwisho inatofautiana. Soma kitabu cha gari lako. Ukiweka, shika usukani wima, achia mafuta kidogo, na usiweke kamwe wakati matairi ya nyuma yanazunguka bure, kwani utaziunganisha shafti mbili zenye kasi tofauti na kitu kinaweza kukatika. Mimi hupendekeza kuweka ukiwa umesimama au unatembea polepole, ungali maegeshoni.

Landcruiser au pikapu ya zamani yenye habu za mkono, vifungio vya katikati ya magurudumu ya mbele, ina hatua ya ziada: lazima ushuke ukazigeuze habu za mbele hadi LOCK. Zikiwa FREE, mti wa 4H unausogeza bure.

Pikapu yangu kwenye 2H inayumba nyuma hata nikiendesha polepole.

Kwa sababu inavuta kwa nyuma na nyuma hakuna mzigo. Uzito wote uko kwenye injini. Watu wa Minnesota na Wisconsin huweka mifuko ya mchanga juu ya akseli ya nyuma tangu Novemba, wakaifunga isirukeruke. Ukikwama, mchanga huohuo unaumwaga chini ya tairi. Usiweke uzito nyuma kabisa karibu na mlango, utaipunguzia mbele mshiko wa kukata kona.

Kushuka mlima je? Nilisikia fowili haina msaada kwenye kushuka.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita. Kwenye breki ya mguu haina msaada, kweli. Lakini ukishuka kwa gia ndogo ukiwa 4H, injini inalizuia gari kupitia matairi yote manne. Ukiwa 2H, kazi hiyo inafanywa na mawili ya nyuma tu, nayo yakizidiwa huteleza na sehemu ya nyuma ya gari inataka kukupita. Kwa hiyo weka 4H kabla ya mteremko wenye theluji, gia ndogo, mguu mwepesi. Gia nayo ipunguze taratibu. Kuishusha ghafla kunaweza kuyafunga matairi vilevile.

Likianza kuserereka: achia mafuta, angalia unakotaka kwenda, elekeza usukani huko kwa upole. Usiuangalie mti au gari unaloliogopa, mikono hufuata macho.

Kuna taa ya gari dogo lenye mistari ya nyoka inawakawaka kwenye dashibodi. Nizime hicho kitufe?

Ikiwakawaka inafanya kazi: kompyuta inapunguza nguvu au inashika breki ya gurudumu moja ili usizunguke. Iache. Uzime pale tu unapokuwa umekwama na gari linakataa kuzungusha matairi, kisha uiwashe ukishatoka. Fahamu pia kwamba magari mengi hujizimia mfumo huo wenyewe ukiingia 4L.

Nimekwama. Nifanyeje?

Kwanza acha kukanyaga mafuta. Kila mzunguko wa bure unayeyusha theluji kidogo, nayo inaganda upya ikawa barafu chini ya tairi.

Shuka ufukue eksozi kabla ya kitu kingine. Theluji ikiziba bomba, moshi unaingia ndani, na hewa ya kaboni monoksidi haina harufu. Watu wamefia ndani ya magari yaliyokuwa yakiunguruma ili wapate joto. Kisha fukua mbele na nyuma ya matairi na chini ya tumbo la gari, kwani mara nyingi gari limekalia theluji na matairi hayana uzito. Nyoosha usukani. Weka 4L kama unayo, gia ya pili, toka kwa upole. Ukishindwa, rudi nyuma kidogo, nenda mbele kidogo, uipanue njia. Mchanga unasaidia, na hata mazulia ya miguuni yanasaidia, ilimradi mtu asisimame nyuma yanakoweza kurushwa.

Sheria inasemaje kuhusu minyororo kama nina fowili?

Inategemea uliko. Milima ya California, mfano I-80 kwenye Donner Pass, ina ngazi tatu za masharti, R1 hadi R3. Kwenye R2, gari la fowili au AWD lenye matairi ya theluji manne linaruhusiwa kupita bila kufunga minyororo, lakini lazima liwe nayo ndani. Kwenye R3 kila gari linafunga, bila ubaguzi. Colorado, kwenye I-70 kati ya Dotsero na Morrison, kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, gari la fowili linakubalika mradi tairi lina kina cha inchi 3/16, karibu milimita 5.

Quebec haijali fowili: kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15 magari ya abiria yaliyosajiliwa huko yanatakiwa kuwa na matairi ya theluji. Ujerumani vivyo hivyo penye theluji au barafu, na tangu Oktoba 2024 alama ya M+S peke yake haitoshi tena, lazima ule mchoro wa mlima.

Tairi moja limepasuka. Ninunue moja tu?

Kwa AWD na fowili ya kudumu, kuwa mwangalifu. Tairi jipya ni kubwa kidogo kwa mzunguko kuliko matatu yaliyochakaa, na difu au klachi ya ndani itakuwa ikifanya kazi bila kupumzika hadi iungue. Subaru hutaka tofauti ya mzunguko isizidi robo inchi. Kama matatu yaliyobaki yamechakaa sana, badilisha yote manne. Vilevile usikubali kuvutwa magurudumu mawili yakiwa chini. Ita gari la kubeba lenye sakafu bapa.

Siku gani nisitoke kabisa?

Mvua inayoganda ikinyesha. Hapo hakuna fowili, hakuna tairi, labda lenye misumari, na hata kutembea hadi kwenye gari ni hatari. Siku nyingine ni ya upepo unaorusha theluji hadi huoni bampa la gari la mbele. Minnesota, piga 511 au uangalie ramani yao ya barabara kabla hujawasha injini. Wakisema safari haishauriwi, mpigie msimamizi wa kazini umweleze. Ukilikuta gari la kusukuma theluji njiani, kaa nyuma yake, mbali. Barabara iliyo nyuma yake ni nzuri kuliko iliyo mbele.

Nanunua gari la mkononi mwezi wa tisa, hakuna theluji. Nitajuaje kama fowili inafanya kazi?

Mwombe muuzaji mwende kwenye uwanja wa changarawe au majani. Weka 4H: taa inapaswa kuwaka na kutulia, ikiendelea kupepesa, haijaingia. Kata kona kwa mwendo mdogo, utasikia usukani ukibadilika uzito. Jaribu na 4L, maana ndiyo wengi hawaigusi na mota yake hukwama kwa kutu. Ingia chini uangalie: chumvi ya barabarani hula fremu na mabomba ya breki kabla ya kula mlango, na mafuta yanayovuja kwenye transfa utayaona kama vumbi lililogandamana. Linganisha matairi yote manne, yawe ya aina moja na kina kimoja.

Ukishalinunua, usiiache fowili ilale hadi theluji. Vitabu vingi vya Toyota hutaka uitumie angalau kilomita 16 kila mwezi ili vyuma vya mbele vipate mafuta, na kwa gari la 4H ya kufunga, kilomita hizo zifanyie kwenye barabara ya vumbi.